Neno "isivyo halali": sheria iliyomfunga Vera Drake na jinsi ilivyofika kwetu

Katika filamu ya Vera Drake, iliyoongozwa na Mike Leigh na kutolewa mwaka 2004, wasichana wawili wa London wanajikuta na mimba wasizozitaka mwishoni mwa 1950. Susan Wells ni binti wa nyumba ya kitajiri, moja ya nyumba ambazo Vera, mhusika mkuu ambaye kwa siri hutoa mimba, huzisafisha kwa ujira. Kijana anayemfahamu amemwingilia kwa nguvu. Pamela Barnes ni msichana wa mtaa wa wafanyakazi, na anayemhangaikia ni mama yake. Susan anaonana na daktari, kisha na daktari wa magonjwa ya akili, analala katika hospitali binafsi yenye shuka nyeupe, halafu anarudi nyumbani na kisanduku chake mkononi kama mtu aliyetoka matembezini. Mama yake hajui lolote. Pamela anahudumiwa na Vera kwenye kitanda cha nyumbani kwao, na muda si mrefu anakimbizwa hospitali akiwa kwenye hatari ya kufa.

Wengi wanaoitazama filamu hii huondoka wakiamini kwamba Uingereza ya wakati huo ilikataza kutoa mimba, basi, na kwamba tajiri alivunja sheria akaponyoka huku maskini akikamatwa. Sivyo. Kilichofanyika katika hospitali ya Susan kilikuwa na kinga ya kisheria, na kilichofanyika chumbani kwa Pamela kilikuwa jinai yenye adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Kifungu cha sheria kilikuwa kimoja. Kilichowatenganisha wasichana hawa ni neno moja ndani ya kifungu hicho, na neno hilo likieleweka, filamu nzima inafunguka. Linaeleza pia kwa nini sheria za Nairobi na Dar es Salaam zinasomeka kama zinavyosomeka hadi leo.

Vera Drake ni mtu wa kubuni. Hakuna jalada la mahakama lenye jina lake. Lakini dunia inayomzunguka si ya kubuni: vita vimekwisha miaka mitano tu iliyopita, nyama na sukari bado ni za mgawo, huduma ya afya ya umma imeanza Julai 1948 na watu bado wanaizoea. Leigh, ambaye baba yake alikuwa daktari na mama yake mkunga, aliwatunuku wazazi wake filamu hii. Hakuanza na mswada ulioandikwa. Yeye huwaweka waigizaji wajenge wahusika wao kwa mazoezi marefu ya kubuni papo hapo, na kila mmoja anajua tu kile ambacho mhusika wake angekijua. Kwa hiyo waigizaji waliocheza mume na watoto wa Vera hawakuambiwa kwamba mama huyu hutoa mimba. Waligundua siku "polisi" walipobisha mlango katikati ya zoezi. Ule mshangao wa kwenye karamu ya uchumba wa Ethel, binti wa Vera, nyuso zinavyoganda na hakuna anayejua pa kutazama, chimbuko lake ni hilo. Tamasha la Venice liliipa filamu Simba wa Dhahabu, na Imelda Staunton, aliyecheza Vera, akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Tuje kwenye sheria. Kabla ya 1803 Uingereza haikuwa na sheria ya bunge kuhusu jambo hili. Sheria ya mwaka huo ilitofautisha mimba kabla na baada ya mtoto kuanza kucheza tumboni: kabla ya kucheza, adhabu ilikuwa kali lakini si kifo, baada ya kucheza, kifo. Mpaka huo ulikuwa na mantiki yake kwa zama zile, maana hakuna kipimo kilichoweza kuthibitisha mimba mapema kuliko mama mwenyewe kusema amemsikia mtoto. Mwaka 1837 bunge likaufuta mpaka huo pamoja na adhabu ya kifo. Kisha mwaka 1861 ikaja Sheria ya Makosa Dhidi ya Mwili wa Binadamu, na kifungu chake cha 58 ndicho anachoshtakiwa nacho Vera.

Kifungu hicho kina sehemu mbili, na inafaa kuzisoma polepole. Ya kwanza inamhusu mwanamke mwenyewe: mwanamke mwenye mimba ambaye, kwa nia ya kuiharibu, anajipa sumu isivyo halali au anatumia chombo isivyo halali. Ya pili inamhusu mtu mwingine yeyote anayemfanyia mwanamke hayo kwa nia hiyohiyo, na hapa kuna nyongeza ambayo watu wengi huipita: awe mwanamke huyo ana mimba au hana. Maana yake ni kwamba serikali haikulazimika kuthibitisha kuwa mimba ilikuwapo, wala kwamba ilitoka. Nia na kitendo vilitosha. Vera angeweza kufungwa kwa kumhudumia mwanamke aliyekosea kuhesabu siku zake.

Angalia pia kisichotajwa. Fedha hazimo. Vera hapokei hata senti, na watazamaji wengi hudhani hilo lingemwokoa mahakamani. Halikuwa utetezi. Lingeweza tu kumlainisha jaji wakati wa kupima adhabu. Kifungu cha 59 ndicho kilichomhusu anayetoa dawa au chombo huku akijua vitatumika kwa kazi hiyo, na adhabu yake ilikuwa ndogo zaidi.

Na katikati ya yote limo lile neno, "isivyo halali". Wabunge wa 1861 waliliandika bila kulifafanua. Linaonekana dogo, hata la ziada, maana jinai yoyote si halali kwa tafsiri yake. Lakini mwanasheria hasomi hivyo. Sheria ikisema ni kosa kufanya jambo fulani isivyo halali, basi yenyewe inakiri kwamba kuna namna halali ya kulifanya jambo hilohilo. Namna ipi? Kwa miaka 77 hakuna mahakama iliyotoa jibu la wazi. Madaktari walifanya kazi gizani, kila mmoja kwa kiasi cha ujasiri wake.

Jibu lilitoka mwaka 1938, na aliyelilazimisha litoke ni daktari bingwa wa uzazi, Aleck Bourne, wa Hospitali ya St Mary's, London. Mwezi Aprili mwaka huo msichana wa miaka 14 alibakwa na wanajeshi. Akapata mimba. Daktari mmoja alikataa kumhudumia, ndipo Joan Malleson, daktari aliyekuwa mstari wa mbele katika kudai sheria ibadilishwe, akamwandikia Bourne. Bourne alimlaza msichana, akamchunguza kwa siku kadhaa, na Juni 14 akafanya upasuaji. Polisi walipofika hakujificha. Aliwaambia alichokifanya na kuwataka wamkamate. Alitaka kesi. Bila kesi, neno lile lingebaki kimya.

Kesi ilisikilizwa mwezi Julai mbele ya Jaji Macnaghten. Hoja yake kwa baraza la juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ndiyo msingi wa karibu kila kitu kilichofuata katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Alianza na sheria nyingine, ya 1929, iliyokataza kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai isipokuwa kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mama. Akasema ruhusa hiyo lazima isomwe pia ndani ya neno "isivyo halali" la 1861. Kisha akapiga hatua ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza: kuokoa maisha si kumnusuru mtu asife tu. Daktari akiamini kwa nia njema na kwa sababu za maana kwamba kuendelea kwa mimba kutamfanya mwanamke awe magofu, mwilini au akilini, basi anaokoa maisha yake. Juri wakamwachia Bourne huru.

Hapo ndipo mlango wa Susan ulipofunguliwa. Sheria haikubadilishwa hata herufi moja, lakini daktari wa magonjwa ya akili alipata kazi mpya: kuandika kwamba msichana huyu, akizaa, akili yake itaharibika. Sheria haikudai barua wala saini ya mtu wa pili. Ilikuwa desturi ya kujikinga, kwamba ukipata maoni ya madaktari wawili, mmoja wao wa akili, mwendesha mashtaka atakosa pa kushika. Tazama tena mandhari ya Susan ofisini kwa daktari huyo. Maswali yanahusu ugonjwa wa akili katika ukoo na kama amewahi kufikiria kujiua. Ameshaelekezwa na mtu anayeijua njia nini cha kujibu. Ubakaji wenyewe, ambao ndio sababu halisi, hausemwi kabisa. Sheria haikuwa na kisanduku cha kuuweka ubakaji. Ilikuwa na kisanduku cha wazimu tu. Msichana aliyetendewa ukatili analazimika kujidai mgonjwa wa akili ili asaidiwe, na hiyo ni mojawapo ya dhuluma ambazo filamu hii inazionyesha kwa utulivu unaouma.

Na kila hatua ina ada yake: daktari wa kwanza, daktari wa akili, mpasuaji, kitanda. Ada zilihesabiwa kwa gini, kipimo cha fedha cha watu wa juu. Gini moja ilikuwa shilingi 21, wakati paundi ilikuwa shilingi 20. (Msomaji wa Afrika Mashariki ana uhusiano wa karibu na hesabu hii, kwani shilingi yetu ya wakati huo, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilikuwa vilevile 20 kwa paundi.) Mwanamke wa kufagia nyumba asingeikusanya jumla ya ada hizo kwa miezi mingi, hata kama angelijua jina la daktari wa kumwendea. Wengi hawakulijua. Bourne aliushinda woga wa madaktari, hakushinda bei.

Basi ikabaki njia ya Vera. Huifikii kwa tangazo, unaifikia kwa Lily. Huyu ni mlanguzi wa vitu vya mgawo, na wasichana kwake ni bidhaa nyingine tu. Anampa Vera anwani na siku, anachukua gini 2 kutoka kwa kila mwanamke, na Vera hajui kabisa. Mgawanyo huu wa kazi unaeleza namna biashara za siri zinavyodumu: anayejulikana hashiki vifaa, na anayeshika vifaa hajulikani. Udhaifu wake ni kwamba watu wa mtaa mmoja hatimaye hutambuana. Mama yake Pamela anamkumbuka Vera kwa sababu waliwahi kufanya kazi pamoja, na hiyo kumbukumbu ndogo ndiyo inayowapa polisi jina.

Leigh anatupitisha kwa wanawake kadhaa kabla ya Pamela, na hakuna wawili wanaofanana. Yumo mama mwenye watoto wengi ambaye hana nguvu za mwingine, yumo msichana mhamiaji kutoka Karibi anayetetemeka peke yake katika chumba cha kupanga, yumo mwingine anayelichukulia jambo hili kijuujuu. Vera anamwambia kila mmoja maneno yaleyale ya upole, anachemsha maji, anamaliza, anaondoka. Hakai kuona matokeo.

Hapa ndipo filamu inastahili kukosolewa, na ilikosolewa na mtu aliyejua. Jennifer Worth, aliyekuwa mkunga mashariki mwa London miaka ya 1950, aliandika kwamba njia inayoonyeshwa, ya kusukuma maji ya sabuni ndani ya mji wa mimba, ilikuwa hatari mno, na kuionyesha kama jambo la dakika chache lisilo na maumivu ni kupotosha. Kitabibu hoja yake ina uzito. Hewa ikisukumwa pamoja na maji inaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyoko kwenye mji wa mimba na kufika moyoni, na mwanamke akafa palepale, kabla hata aliyemhudumia hajavaa koti. Sabuni na dawa za kuulia vijidudu huunguza nyama laini na zinaweza kuingia kwenye damu na kuharibu figo. Mimba ikitoka nusu, mabaki yanaoza ndani na damu haikatiki. Na vijidudu vilivyoingia na chombo husambaa kwenye damu, homa inapanda, shinikizo la damu linashuka. Haya ya mwisho ndiyo yanayomfika Pamela. Kwamba Vera amefanya hivi kwa miaka mingi na hajawahi kusikia msiba hata mmoja, si ushahidi wa usalama. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyerudi kumwambia. Mwanamke aliyezidiwa alikwenda hospitali akasema mimba imetoka yenyewe, na aliyekufa aliandikiwa sababu nyingine ikiwa familia iliweza.

Uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi ulianza Uingereza mwaka 1952, na katika ripoti zake za miaka ya 1950 na 1960 mimba zilizotolewa zilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya wajawazito. Ripoti ya miaka ya 1982 hadi 1984 ilikuwa ya kwanza kutotaja hata kifo kimoja kilichotokana na kutoa mimba kinyume cha sheria.

Kwa nini basi polisi wanapofika nyumbani kwa Vera wanaulizia vifaa? Kwa sababu ya kanuni ya ushahidi. Mwanamke aliyeomba kutolewa mimba alihesabiwa mshirika katika kosa, na neno la mshirika peke yake lilikuwa msingi dhaifu. Jaji alitakiwa kulionya juri juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa neno hilo bila kitu cha kuliunga mkono. Bomba la mpira na sabuni vikipatikana chini ya kitanda, msaada huo umepatikana. Kwa sababu hiyohiyo wanawake wenyewe mara nyingi hawakushtakiwa ingawa kifungu cha 58 kinawataja wa kwanza. Walihitajika kama mashahidi.

Vera anarahisisha kila kitu kwa kukiri. Sikiliza lakini anavyokiri. Mkaguzi wa polisi anataka aliseme neno la kisheria, naye hawezi. Anasema anawasaidia wasichana waliopatikana. Hapa Mswahili ataelewa haraka, maana nasi tuna maneno ya kuzungukazunguka yanayofanya kazi hiyohiyo, kushusha, kujitoa, kusafishwa. Kwa Vera si hila. Kichwani mwake kuna msaada, na kwenye karatasi ya polisi kuna jinai, na maneno mawili hayo hayakuwahi kukutana kabla ya jioni hiyo.

Angekuwa amekufa Pamela, shtaka lingekuwa kuua bila kukusudia, na filamu inalitaja hilo ili tujue ukubwa wa bahati iliyopatikana. Hakufa. Huko Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, Vera anakiri kosa chini ya kifungu cha 58, jaji anakubali kwamba hakutafuta faida, halafu anamfunga miaka miwili na nusu ili iwe fundisho kwa wengine. Kati ya msamaha na maisha gerezani, hiyo ni adhabu ya kiasi. Ukali wake uko kwenye sababu iliyotolewa. Gerezani Vera anakutana na wanawake wawili waliofungwa kwa kosa lilelile, na si mara yao ya kwanza. Fundisho halikuwafika.

Wanawake waliodai mabadiliko walikuwa wamejipanga tangu 1936, walipounda Chama cha Kurekebisha Sheria ya Utoaji Mimba, wakiwemo Janet Chance, Alice Jenkins na Stella Browne. Ilichukua miaka 31. Mswada uliofanikiwa uliletwa bungeni na David Steel, ukapata idhini ya kifalme Oktoba 27, 1967, na kuanza kutumika Aprili 27, 1968. Aleck Bourne hakuufurahia. Yule aliyefungua mlango aliona unafunguliwa mno, akawa miongoni mwa waasisi wa jumuiya ya kuupinga.

Kosa linalorudiwa sana ni kusema kwamba sheria ya 1967 iliifuta ya 1861. Haikuifuta. Ilikaa pembeni yake na kulifafanua neno lile. Kifungu chake cha 5 kinasema kwamba chochote kinachofanywa kwa nia ya kuharibu mimba kinafanywa isivyo halali, isipokuwa kimeruhusiwa na kifungu cha 1. Na kifungu cha 1 kinataka madaktari wawili waliosajiliwa, waamini kwa nia njema kwamba hatari ya kuendelea na mimba kwa afya ya mwili au ya akili ya mwanamke, au ya watoto alionao, ni kubwa kuliko ya kuitoa, au kwamba maisha yake yamo hatarini, au kwamba mtoto atazaliwa na ulemavu mkubwa. Ni desturi ile ya Susan, saini mbili na afya ya akili, ikageuzwa sheria na kupelekwa hospitali za umma bila ada. Mwanamke mwenyewe hakupewa uamuzi. Madaktari ndio waliopewa. Ukomo wa wiki 24 uliandikwa baadaye, mwaka 1990.

Kwa kuwa sheria ya 1861 ilibaki, iliendelea kufanya kazi. Ireland ya Kaskazini, ambako sheria ya 1967 haikufika, kifungu cha 58 kilitawala hadi Oktoba 2019, bunge la London lilipokifuta kwa eneo hilo. Na huko Uingereza kwenyewe, Juni 2023, mama mmoja aliyemeza dawa za kutoa mimba nje ya muda uliowekwa alihukumiwa miezi 28 gerezani chini ya kifungu hicho cha 58. Vera alipewa miezi 30. Rufaa ilimtoa mwezi uliofuata kwa kuipunguza adhabu na kuisimamisha, lakini hasira iliyozuka ilifika bungeni, na Juni 17, 2025 wabunge 379 dhidi ya 137 walipiga kura kwamba mwanamke asishtakiwe kwa mimba yake mwenyewe. Kura hiyo haikumgusa mtu wa pili. Vera, angekuwa hai, bado angekuwa mhalifu.

Sasa fuata neno hilo linavyosafiri. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika na Uganda zilipata Kanuni za Adhabu zilizotokana na kielelezo kimoja, na ndani yake maneno ya 1861 yakapangwa katika vifungu vitatu badala ya viwili. Katika Kenya ni 158, 159 na 160. Tanzania Bara ni 150, 151 na 152. Anayemtoa mwingine mimba, miaka 14. Mwanamke mwenyewe, miaka 7. Anayetoa dawa au chombo, miaka 3. Hata ile nyongeza imo, awe mwanamke ana mimba au hana, na neno "isivyo halali" limo mahali pake. Ukisoma kifungu cha 150 cha Tanzania baada ya kutazama filamu hii unamsikia karani wa Old Bailey akimsomea Vera shtaka.

Kanuni hizi ziliongeza kitu ambacho London haikuwa nacho kwa maandishi: kinga ya mpasuaji. Kifungu cha 240 Kenya na 230 Tanzania vinasema mtu hana hatia akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa, au kwa mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama. Je, maisha hapo yana maana finyu au ile pana ya Jaji Macnaghten? Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliugusa mjadala huo mwaka 1959 katika kesi ya Mehar Singh Bansel, iliyotoka Kenya, ikaeleza kuwa upasuaji usio halali ni ule unaokusudia kukatisha mimba kwa sababu isiyo sababu njema ya kitabibu. Kinyume chake kikaeleweka: sababu njema ya kitabibu ipo, uhalali upo. Hoja ya Bourne ilikuwa imevuka bahari.

Hapa tarehe zinasema mengi. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. London ilibadilisha sheria yake 1967. Nchi zetu zilijitegemea zikiwa zimebeba maneno ya 1861 na tafsiri ya 1938, na ufafanuzi uliofuata haukuwahi kufika kwa sababu hapakuwa tena na njia ya kuuleta. Sheria ambayo leo wengi huitetea hadharani kama mila ya Kiafrika iliandikwa na bunge la Malkia Victoria. Mtu anaweza kuwa na sababu za dini au za dhamiri za kupinga kutoa mimba, na sababu hizo zinastahili heshima zikisemwa kwa jina lake. Asiziite mila.

Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi sheria za Kibelgiji, kwa hiyo neno hili halimo kwao, na zimefuata njia nyingine. Kwa nchi za Umoja wa Afrika upo Mkataba wa Maputo wa 2003 kuhusu haki za wanawake, ambao Ibara yake ya 14 inataja ubakaji na ngono ya maharimu kuwa sababu halali, yaani lile ambalo Susan alilazimika kulificha mbele ya daktari. Tanzania iliuridhia mwaka 2007, lakini Kanuni yake ya Adhabu haikuandikwa upya ifanane nao. Kenya na Uganda ziliuridhia 2010, kila moja ikiweka pingamizi kwenye aya hiyo.

Mwaka huohuo wa 2010 Kenya ilipitisha katiba mpya. Ibara ya 26(4) inasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Linganisha na London ya Vera. Mtaalamu ni mmoja, si wawili, na si lazima awe daktari. Afya imeandikwa waziwazi. Lakini vifungu 158 hadi 160 havikuguswa, na vinatishia miaka ileile 14, 7 na 3. Kwa hiyo muuguzi katika zahanati ya kaunti ana katiba mkono mmoja na Kanuni ya Adhabu mkono mwingine, na pale polisi wanapobisha hodi hawaji na katiba. Mwenye fedha huenda hospitali binafsi ambako wakili ameshasoma Ibara ya 26. Asiye nazo huulizia jirani kama anamfahamu mtu.